Umeme wa Mporomo Ulipopelekwa Mjini

Nchi ninayoisimulia si hii yetu. Hii yetu haina neno. Ile iko mbali, ukivuka mito isiyo na madaraja na madaraja yasiyo na mito, na jina lake ni Jamhuri Angavu. Msomaji akidhani humu amemtambua waziri fulani, ajue amemtambua kwa akili zake mwenyewe, na akili hizo ndizo zihojiwe, mimi niachwe.

Katika Jamhuri Angavu hakuna giza. Neno lenyewe lilifutwa na Bunge, katika kikao kilichofanyika kwa mishumaa. Taa zikizimika, husemwa kwamba nuru imepumzika, na raia mwema hukaa kimya asije akaiamsha.

Sasa katika nchi hiyo palikuwa na mji mdogo uitwao Mporomo, na mji huo ulikuwa na kosa moja. Ulikuwa na umeme.

Haukuuiba. Mporomo umekaa chini ya maporomoko ya maji, huko milimani ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Enzi za wakoloni, bruda mmoja wa misheni aliyatazama maji yale yakianguka bure mchana kutwa, akasikitika kama mtu anayeona uji ukimwagika. Akaagiza mtambo kutoka kwao. Ukaja kwa meli, ukaja kwa reli, kisha reli ikaisha na mtambo bado uko safarini. Wanaume wa Mporomo wakaubeba mabegani kwa magogo. Wanawake wakabeba mabomba na saruji. Kwenye mteremko wa mwisho bomba moja liliwaponyoka, na waliolaliwa nalo wakazikwa palepale kando ya njia, kazi ikaendelea kesho yake. Hatimaye maji yakaingizwa kwenye bomba, bomba likazungusha gurudumu, na jioni moja kanisa likawaka. Bibi mmoja alisema maji yamefumbua macho. Hakuna aliyelisema vizuri zaidi ya hapo.

Bruda akafa, uhuru ukaja, gurudumu likaendelea kuzunguka. Lilikuwa gurudumu dogo lisilo na tamaa. Liliwasha hospitali ya misheni, mashine ya kusaga, shule, halafu nyumba za watu. Wakati huo Makaoni, mji mkuu, walikuwa bado wanahangaika na jenereta, na mawaziri wa mwanzo walikuwa wakifunga safari hadi Mporomo kunywa bia baridi. Wakirudi walisema wamewatembelea wananchi.

Mtambo uliangaliwa na Bwana Sikitu, mtu mrefu, mpole, mpenzi wa pombe ya ndizi, ambaye kazi aliirithi kwa baba yake kama wengine wanavyorithi kigugumizi. Mtambo ukigoma aliupiga teke. Ukikataa teke aliupaka mafuta. Ukikataa mafuta alikwenda kilabuni, na akirudi mara nyingi aliukuta umejirudi wenyewe.

Hospitali nayo iliangaliwa na Nesi Kresensia, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha na viatu visivyotoa sauti. Daktari wa mwisho alikuwa ameitwa kwenye semina Makaoni, na semina hiyo haijafungwa mpaka leo. Kwa hiyo Kresensia ndiye aliyezalisha, aliyeshona vidonda, na aliyewafumba macho waliokwisha. Katika wodi ya wazazi alikuwa na sanduku la joto, la kioo, lililoachwa na masista wa zamani. Humo walilazwa watoto njiti, wale wanaowahi kuzaliwa kabla ya siku zao, wembamba kama vidole, wasiojua bado kutunza joto la mwili. Sanduku lilitumia umeme kiasi cha taa chache tu, na watoto waliotoka humo wengine sasa wana wajukuu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka serikali ilipogundua.

*

Aliyegundua alikuwa Mheshimiwa Fumbwe, Waziri wa Umeme, Radi na Vitu Ving'aavyo. Alifika Mporomo kwa msafara mrefu, akapanda jukwaani, akainamisha kichwa kama mtu aliyefika msibani.

"Ndugu wananchi," alisema, "nina huzuni. Nimeambiwa kwamba hapa umeme unazaliwa hapa, unakulia hapa, unatumika hapa na unafia hapa! Haujawahi hata siku moja kutoka! Umeme gani huu usioijua nchi yake? Huu ni ukabila wa umeme!"

Watu wakatazamana. Hawakujua kwamba taa zao zina kabila.

"Mkizaa mtoto, mnamfungia jikoni? Si mnampeleka shule? Basi na umeme wenu lazima uende Makaoni. Huko utakutana na umeme wenzake kutoka mito mingine, utachanganyika nao, utapata upeo, kisha utarudi kwenu umekomaa. Hiyo ndiyo Gridi ya Taifa!"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa nyuma ya watu walisimama watu wengine ambao kazi yao ilikuwa kutazama nani hapigi.

Kresensia akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, shikamoo. Huo umeme ukiwa bado uko shule, sisi hospitali tutatumia nini?"

"Swali zuri sana," alisema Waziri, akamgeukia Mkuu wa Wilaya. "Mkuu, umeona maswali ya akina mama yalivyo mazuri katika wilaya yako?"

Mkuu wa Wilaya, Bwana Kibangu, akainuka, akainama, akakaa. Mkutano ukafungwa kwa wimbo wa taifa. Swali lilibaki pale uwanjani pamoja na maganda ya karanga.

*

Minara ya chuma ikaja. Ilipita juu ya mashamba ya viazi, mmoja baada ya mwingine, imeshikana nyaya kama vipofu walioshikana fimbo, ikapotelea upande wa Makaoni. Watoto walijifunza kuhesabu kwayo. Mmoja ulisimikwa katikati ya makaburi, na wenye wafu wakaambiwa wafurahi, maana marehemu wao sasa wamo kwenye ramani ya taifa.

Kisha wataalamu wakaeleza jambo ambalo Waziri hakulitaja. Umeme wa gridi ni mkali mno, hauwezi kuingia nyumbani moja kwa moja. Sharti kwanza upite kwenye kituo cha kupoza umeme. Kituo cha Mporomo kilikuwa kimeshajengwa, tena kwa ubora wa hali ya juu, lakini mkandarasi alikuwa ameambiwa na Mheshimiwa akijenge "kule nyumbani", naye akakijenga nyumbani kwa Mheshimiwa. Huko kilipoza umeme wa nyumba moja na bwawa la samaki lenye taa za rangi. Kukihamisha ingekuwa kuihujumu miundombinu.

Nyumba za Mporomo zikaanza kukatwa kwenye mtambo, mtaa kwa mtaa, ili maji yote yafanye kazi ya taifa. Mashine ya kusaga ikanyamaza, wanawake wakarudi kwenye vinu. Mwisho ilibaki hospitali peke yake. Bwana Sikitu alikuwa amevuta waya mmoja mwembamba kutoka kwenye mtambo, akaupitisha juu ya miti hadi dirishani kwa Kresensia. Hakuombwa. Binti yake Melania alikuwa mjamzito, na mumewe yuko machimboni mbali.

Shirika la Gridi likaugundua waya ule, likautangaza kuwa ni umeme mtoro. Likasema utakamatwa siku ya uzinduzi.

Hapo Kresensia akafunga safari.

*

Alisafiri juu ya lori la kabeji, akafika Makaoni vumbi limemfanya mzee. Wizara ilikuwa jengo refu la vioo. Lifti ilikuwa imekwama katikati ya ghorofa na naibu mkurugenzi mmoja ndani yake. Wafanyakazi walikwisha kuizoea hali hiyo; walimpitishia chai na faili kwenye upenyo, naye aliwapa maelekezo. Walisema tangu akwame anapatikana ofisini kwa urahisi zaidi.

Kresensia akapanda ngazi. Alimkuta Mheshimiwa Fumbwe katika ofisi yenye kiza, vifungo vya shati viko wazi, jasho linamtiririka, katibu muhtasi wake akimpepea kwa kitabu kinene cha Dira ya Umeme.

"Karibu mama. Unaliona giza hili?"

Katibu akakohoa.

"Nuru hii iliyopumzika," Waziri alijirekebisha. "Unaiona? Sasa wewe umekuja kunililia sanduku moja la kioo, nami nimefungiwa katika sanduku la vioo lenye watu elfu."

"Mheshimiwa, wewe ukikosa umeme unatoka jasho. Mtoto njiti akikosa umeme anapoa."

"Najua, najua."

"Anapoa mpaka anakwisha. Sisemi habari ya kituo kikubwa. Ule waya mmoja tu usikatwe, mpaka mtakapotuletea kituo chetu."

Waziri akamtazama kwa muda, kwanza usoni, kisha gauni lake jeupe la kazi, ambalo lilikuwa limekunjamana lakini chini ya vumbi bado jeupe. Uso wake ukang'aa, na lilikuwa jambo pekee lililong'aa katika jengo lile.

"Mama, nani atabonyeza kitufe siku ya uzinduzi?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Wewe! Wananchi wanampenda nesi. Gauni hilo litatoka vizuri kwenye picha. Tutakuita Mama wa Gridi."

"Na hicho kitufe kitaleta umeme hospitali?"

"Kitaleta umeme."

"Hospitali?"

"Mama, kwani hospitali yako haimo ndani ya taifa?"

Kusema haimo ilikuwa uhaini. Kusema imo ilikuwa kukubali. Kresensia akaaga, akashuka ngazi. Kwenye ghorofa ya kati naibu mkurugenzi alimwambia kupitia upenyo, "Vumilia mama, mambo yanakwenda."

*

Wiki ya uzinduzi Melania akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Alijifungua mtoto wa kike, njiti, na damu nyingi ikamtoka. Kresensia akamweka mtoto kwenye sanduku, akalifunga, akakaa akiitazama taa yake ndogo ya kijani kama mtu anayetazama nyota ya kumwongoza njia. Mtoto alikuwa mdogo hata ngozi yake ilipitisha mwanga. Lakini alikuwa akivuta pumzi, tena kwa kiburi.

Asubuhi ya sherehe Kresensia alimfuata Mkuu wa Wilaya, aliyekuwa akisimamia upakaji chokaa wa mawe.

"Mkuu, leo ule waya usiguswe. Kuna mtoto ndani ya sanduku."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Melania."

"Sikuulizi mama yake. Nauliza ni mtoto wa *nani*."

"Baba yake ni mchimbaji, Mkuu."

"Ah," alisema Bwana Kibangu, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyeambiwa mvua haitanyesha. "Wekeni jenereta ya hospitali."

"Jenereta mmeichukua nyinyi. Ya vipaza sauti."

"Basi unaona mwenyewe inatumika."

"Sherehe isogezwe kesho, nakupigia magoti."

"Mama Kresensia, usipige magoti, utachafua gauni. Mheshimiwa yuko njiani. Mimi nikimgeuza Mheshimiwa njiani, kesho mkuu wa wilaya atakuwa mtu mwingine, naye atakata huo waya vilevile. Sasa sote wawili tutakuwa tumepata faida gani?"

Ninayesimulia hupenda haki, na kwa haki nasema hapo Bwana Kibangu hakusema uongo.

Jua lilipofika utosini Waziri akahutubia. Alisema mengi kuhusu maji, ambayo tangu kuumbwa kwa dunia yalikuwa yakianguka tu, mpaka serikali yake ilipoyapa mwelekeo. Kitufe chekundu kiliwekwa juu ya mto wa mahameli. Ndani ya nyumba ya mtambo Bwana Sikitu alisimamishwa kati ya askari wawili. Kazi yake ilikuwa moja: king'ora kikilia, ang'oe waya mwembamba, kisha auvute wenzo mkubwa uliopakwa rangi za bendera.

"Afande," alimwambia askari wa karibu, "mjukuu wangu yuko upande wa pili wa waya huu."

Askari yule alitazama nje. Alikuwa kijana wa watu, nyumbani kwake alikuwa na mtoto anayeota meno. "Mzee," alisema, "mimi nimeambiwa nisikusikilize."

Kresensia akaitwa mbele. Bendi ikapiga. Alipofika kwenye kitufe akaficha mikono nyuma.

"Mama wa Gridi anaona haya!" alipaza sauti mshereheshaji, na umati ukacheka.

Kresensia akasogea kwenye kipaza sauti. "Ndugu zangu, wodini kuna mtoto, na huu waya..."

Jenereta ikaishiwa mafuta. Midomo yake ilionekana ikienda, lakini waliokuwa mbele walikuwa wageni rasmi, nao hawasikii kitu kisichopitia kwenye kipaza sauti. Bwana Kibangu akamsogelea kwa tabasamu. Akamshika kiganja kama mwalimu amshikavyo mtoto anayejifunza kuandika, akaunyoosha mkono wake, akachagua kidole, akakibonyeza.

King'ora kikalia.

Sikitu akaung'oa waya. Baadaye aliulizwa mara nyingi, na zaidi alijiuliza mwenyewe, kwa nini hakungoja hata asukumwe. Jibu lake lilikuwa lilelile: king'ora kililia, mkono ukaenda.

Magazeti ya kesho yake yalibeba picha ya Kresensia akilia. Chini yake paliandikwa: "Mama wa Gridi ashindwa kujizuia kwa furaha."

*

Alikimbia kutoka uwanjani huku bendi ikiendelea. Alikuta taa ya kijani imezimika na Melania amejiburuta kutoka kitandani, ameegemeza shavu kwenye kioo.

"Nesi, linapoa."

"Ondoka hapo, utaanguka."

"Linapoa, Nesi. Nilikuwa nimeweka mkono, lilikuwa la moto. Sasa linapoa."

Kresensia alifungua sanduku akamtoa mtoto. Alimlaza kwenye kifua kitupu cha mama yake, akawafunika kwa blanketi. Lakini Melania alikuwa amepoteza damu nyingi, ngozi yake yenyewe baridi kama sahani. Alikuwa hana cha kumpa mwanawe. Hapo Kresensia akafanya ambalo kila kuku hulijua. Akafungua gauni lake mwenyewe, akampachika mtoto kati ya matiti, akajifunga khanga juu yao wote wawili, akaendelea na kazi za wodi hivyo hivyo, akikamua matambara kwa mkono mmoja.

Hakuweza kufanya hivyo siku zote. Ilipofika jioni habari zilikuwa zimefika sokoni, na muuza dagaa mmoja akaja, amenawa hadi kwapani kwa limau. "Nipeni na mimi," alisema. Kesho yake wakaja wengine. Wakapanga foleni kwenye benchi la nje, wanene wakisifiwa kwa mara ya kwanza maishani mwao, wembamba wakiambiwa wangoje mchana jua likipanda. Mtoto alipita kifua hadi kifua kama kibuyu cha togwa. Kila akihama aliguna kidogo, akatulia.

Siku ya tatu Bwana Sikitu akasimama mlangoni. Hakuingia.

Melania alimwona.

"Baba," alisema, "ni wewe uliyeung'oa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulijua yumo?"

"Nilijua."

Melania akageukia ukuta. Sikitu akabaki amesimama, mikono imening'inia, hana pa kuiweka. Kresensia alikuwa amechoka mno kuchagua nani apewe adhabu. Akasema, "Vua shati. Lakini ukaoge kwanza, unanuka kilabu."

Sikitu akakimbilia mtoni. Akajisugua kwa mchanga, akarudi anatetemeka, meno yanagongana.

"Ewe mwanamume!" alifoka Kresensia. "Umekwenda kuoga maji ya maporomoko? Sasa umekuwa barafu, una faida gani? Kaa juani!"

Alikaa juani, kifua wazi, amekazana kupata moto kama mwanafunzi aliyekazana kupata alama. Alipoitwa alimpokea mtoto kwa vidole vilivyokuwa vizito, akamweka, akafumba macho. Aliketi hivyo mpaka zamu yake ikapita na ya aliyemfuata. Melania, aliyekuwa bado ameelekea ukutani, alisema bila kugeuka, "Kichwa chake. Kishikilie kichwa."

Mtoto akaishi. Akaongezeka nyama, akapata mashavu, akajifunza kupiga kelele. Melania alimbatiza jina la mtakatifu, lakini mji mzima ulimwita Wetu.

Ingekuwa hadithi ya nchi nyingine ningesimama hapa.

*

Redio ikapata habari. Serikali, iliposikia kwamba mtoto wa gridi hakufa, ilishtuka, ikaunda kamati.

Kamati ilikuja na profesa aliyepima vifua vya wanawake kwa kipimajoto, akilinganisha wauza dagaa na wauza mboga. Alimpima na Sikitu, akamtoa kwenye utafiti kwa kuwa aliharibu wastani. Kisha Mheshimiwa Fumbwe akarudi Mporomo, safari hii anacheka.

"Ndugu wananchi, mmetufundisha! Tulidhani Mporomo inahitaji kituo cha kupoza umeme. Kumbe inajitosheleza kwa nishati! Kwa furaha kubwa natangaza kwamba Mporomo imeondolewa kwenye orodha ya wenye mahitaji."

Kresensia alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevalishwa nishani ya Nuru, Daraja la Pili. Akainuka bila kuitwa. "Mheshimiwa, sisi hatujitoshelezi. Sisi tulikosa la kufanya."

"Umesikia, Mkuu?" Waziri alimwambia Bwana Kibangu. "Tena ni wanyenyekevu." Akarudi kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikashuka, ikawa ya baba. "Lakini nina huzuni moja. Nimeambiwa kwamba joto hili linazaliwa hapa, linatumika hapa, na linafia hapa."

Kresensia akajikuta ameketi. Alisema baadaye kwamba miguu ndiyo iliyoelewa kwanza.

"Katika Hospitali Kuu ya Makaoni," aliendelea Waziri, "masanduku ya joto yapo mengi, ya kisasa, lakini nuru imekuwa ikipumzika mno. Watoto wa viongozi wanapata taabu. Je, joto la Mporomo litakuwa la Mporomo peke yake? Hasha! Litakwenda Makaoni, litachanganyika na la wenzake, kisha litarudi kwenu limekomaa!"

Malori yalikuwa yameshaegeshwa nyuma ya kanisa. Wanawake wa foleni walichukuliwa wote, kwa ripoti ya profesa; nesi akaachwa alinde hospitali. Muuza dagaa aliuliza nani atamwangalia mamaye mgonjwa, akaambiwa ni swali zuri sana. Melania na Wetu walichukuliwa kuwa maonyesho. Walipangiwa kiti cha mbele, karibu na dereva, kwa heshima.

Sikitu aliushika mlango wa lori. "Mwanangu bado hajapona vizuri," alisema. "Mwacheni huyu mmoja."

"Mzee, unazuia maendeleo," alisema askari, na alilisema kwa upole kabisa.

Melania aliinamia dirisha. "Baba, achia mlango. Utavunjika vidole." Alimwinua mtoto amwone. Lori likang'oka, na Sikitu akatembea kando yake, kisha akatembea nyuma yake, kisha akasimama barabarani.

Wanawake wale hawajarudi. Inasemekana wameunganishwa vizuri.

*

Msimu wa baridi uliofuata mjamzito mmoja alishushwa kutoka milimani kwa machela, akajifungua mapacha, wote njiti. Mama yao alizimia mara tu baada ya wa pili. Kresensia akampachika mmoja kifuani kwake, akamwita Sikitu, ambaye siku hizi hashindi tena kilabuni wala kwenye mtambo, maana mtambo umepewa walinzi kutoka Makaoni. Akampachika wa pili. Wakaketi wawili kwenye benchi la wodi, wamefungwa khanga, wamekaza migongo ukutani. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hata minara haikuonekana. Ilisikika tu ikivuma.

"Wako anapumua?" aliuliza Kresensia.

"Anapumua. Wako?"

"Wangu pia."

Wakasikia hatua kwenye baraza. Msichana mwenye tumbo akasimama mlangoni, ameushika mwimo kwa mikono miwili, maji yakimchuruzika miguuni. Tumbo lenyewe lilikuwa bado dogo.

"Nesi," alisema, "nadhani uchungu umeanza."

Kresensia alimtazama msichana, akamtazama mtoto aliye kifuani mwake, akamtazama Sikitu. Sikitu akatazama huku na huku wodini, kwenye vitanda vitupu, kana kwamba mtu mwingine angeweza kuwa amelala mahali.

"Ingia, mwanangu," alisema Kresensia. "Lala hapo. Jitahidi usisukume."